Kiti cha Enzi cha Mitutu

Wazee wa pwani walikuwa na kiti walichokiita kiti cha enzi. Ukienda makumbusho ya Lamu utakiona. Mgongo wake ni mrefu na umenyooka, mbao yake nyeusi imepambwa kwa vipande vya pembe au mfupa, na pa kukalia pamesukwa kwa uzi. Si kiti cha kuegemea ukapitiwa na usingizi. Katika nyumba za wenye nacho wa Lamu, Pate na Unguja kiliwekwa kwa ajili ya mgeni wa heshima, na aliyekikalia alilazimika kukaa wima kama mtu anayesubiri kupigwa picha. Kiti hicho kilisema habari za mwenye nyumba kabla yeye mwenyewe hajafungua kinywa: hapa pana mali, hapa pana nasaba.

Nimeanza na kiti hicho kwa sababu ninachotaka kukizungumzia leo nacho kinaitwa kiti cha enzi, ila kimetoka kusini zaidi ya pwani hiyohiyo ya Bahari ya Hindi na kimeundwa kwa vitu vingine kabisa. Kiko London, British Museum, katika kumbi za Afrika zilizo chini ya jengo. Kimo chake ni kama mita 1. Kiliundwa mwaka 2001 na Cristóvão Canhavato, msanii wa Msumbiji anayejulikana zaidi kwa jina la Kester, na makumbusho ikakinunua mwaka 2002. Malighafi yake ni bunduki zilizokatwakatwa kisha zikaungwa kwa kuchomelewa.

Nilikiona katika safari ya kikazi, na nikiri kwamba kwa mbali unaweza kukipita. Ni kidogo kuliko kinavyoonekana kwenye picha. Lakini ukisogea, macho yanaanza kutambua kipande kimoja kimoja: hii magazini, huu mtutu, hicho kitako. Hapo ndipo unaacha kutazama na unaanza kusoma.

Tukisome kiti

Tuanze na mgongo. Umeundwa kwa bunduki mbili aina ya G3. Hizi ndizo bunduki za askari wa Kireno wakati wa ukoloni. Ubunifu wake ni wa Kijerumani, lakini Ureno ilikuwa na kibali cha kuzitengeneza nyumbani kwake, na ndizo ilizowakabidhi vijana wake iliowapeleka kupigana Angola, Guinea-Bissau na Msumbiji. Kwa msomaji wa Kenya jina la G3 si geni, maana polisi wa huko waliibeba miaka na miaka.

Mikono ya kiti ni AK-47 za Kisovieti. Sisi huku Tanzania tumezoea kuisikia bunduki ya jamii hiyo kwenye taarifa za polisi ikiitwa SMG. Pa kukalia pametokana na bunduki za Poland na Czechoslovakia. Mguu mmoja wa mbele ni mtutu wa AKM iliyotengenezwa Korea Kaskazini.

Sasa hesabu nchi hizo: Ureno, Umoja wa Kisovieti, Poland, Czechoslovakia, Korea Kaskazini. Katika kiti kizima hakuna bunduki hata moja iliyotengenezwa Afrika. Mbili kati ya nchi hizo hazipo tena kwenye ramani. Bunduki zimeishi kuliko dola zilizozitengeneza.

Kuna jambo jingine, na hili Kester mwenyewe amelieleza. Juu kabisa ya mgongo, vile vitako viwili vya G3 vina matundu ya skrubu na mwanya wa kufungia mkanda. Ukivitazama vinafanana na nyuso mbili zenye macho na mdomo, na nyuso hizo zinatabasamu. Msanii hakuchonga tabasamu hilo. Lilikuwamo kwenye bunduki tangu kiwandani, yeye amelisimamisha tu mahali tunapoweza kuliona. Mzungumzaji wa Kiswahili ataona na mzaha wa pili ambao hata Kester hakuukusudia: kitako, ambacho kwenye kiti kinapaswa kukaa chini, hapa kiko juu, pale panapostahili kichwa.

Ndugu wawili wa Kester walipoteza miguu katika vita vya nchi yao, mmoja wao baada ya kuingia eneo lililotegwa mabomu ya ardhini. Ukilijua hilo, ile miguu minne ya kiti unaitazama kwa jicho jingine.

Njia zilizopita kwetu

Maandishi ya ukutani kwenye makumbusho huwa mafupi. Yatakwambia vita vya wenyewe kwa wenyewe, yatakwambia miaka, basi. Ila msomaji wa Kiswahili ana haki ya kuuliza swali la ziada: bunduki hizi zilifikaje Msumbiji? Zile za mgongo zilipitia bandari za mkoloni. Nyingi za jamii ya zile za mikononi na miguuni zilipita kwetu.

Frelimo ilizaliwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962, vilipoungana vyama vitatu vya Wamsumbiji waliokuwa uhamishoni. Kimoja kati ya hivyo, MANU, kilikuwa na mizizi Mombasa na Tanganyika, miongoni mwa Wamakonde waliovuka mipaka kutafuta kazi za mashamba na bandari, na hata jina lake liliigizwa kutoka TANU na KANU. Mwenyekiti wa kwanza wa Frelimo alikuwa Eduardo Mondlane, msomi wa elimu ya jamii. Mwaka uliofuata Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliunda Kamati ya Ukombozi na makao yake yakawekwa Dar es Salaam. Kuanzia hapo silaha kutoka Mashariki ya Ulaya na China zilishuka Tanzania, zikasafirishwa kwenda kusini, zikavuka Ruvuma. Tarehe 25 Septemba 1964 risasi za kwanza za vita vya ukombozi zikalia Chai, Cabo Delgado.

Wapiganaji walifunzwa Kongwa, Dodoma, na baadaye kwa wingi zaidi Nachingwea. Hapa naomba tusimame kidogo, kwa sababu majina haya mawili yana historia ya ajabu ambayo sijaona ikisimuliwa pamoja na kiti cha Kester.

Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha Tanganyika ule mpango mkubwa wa kilimo cha karanga. Maeneo yake yalikuwa Kongwa, Urambo na Nachingwea. Matrekta hayakutosha dunia nzima, vita kuu vilikuwa vimetoka kuisha, na kilichokuwa kimejaa ni vifaru visivyo na kazi. Kampuni ya Vickers ikachukua vifaru vya Sherman na kuvigeuza kuwa matrekta, kisha vikaletwa kufyeka pori la Tanganyika. Kwa maneno mengine, ndoto ya nabii Isaya ya silaha kufuliwa kuwa zana za kilimo ilishawahi kujaribiwa kwetu, tena kwa gharama ya serikali ya kikoloni. Ikashindwa vibaya. Udongo wa Kongwa ukikauka unakuwa mgumu kama saruji, mvua haikuja kwa ratiba iliyopangwa London, na mwanzoni mwa 1951 mpango ukafutwa baada ya kumeza mamilioni ya pauni.

Miaka kama kumi na mitano hivi baadaye, Kongwa na Nachingwea, palepale vifaru vilipokuja kuwa matrekta, pakawa mahali pa kumfundisha kijana wa kijijini kufungua na kufunga AK gizani. Chuma kilikuja kulima, kikashindwa, kikarudi kuwa bunduki. Sisemi hivyo kwa kubeza. Bila Kongwa na Nachingwea sidhani kama Msumbiji ingepata uhuru wake mwaka 1975, na Watanzania walilipa gharama ya kuwa jirani wa vita kwa miaka kumi. Ninachosema ni kwamba safari ya chuma kati ya jembe na bunduki haina njia moja. Inakwenda na kurudi.

Na kwa kuwa hapa tunapenda vitabu, niongeze hili. Tarehe 3 Februari 1969, Dar es Salaam, Mondlane alifungua kifurushi kilichokuwa na kitabu. Ndani yake mlikuwa na bomu. Mtu aliyeishi kwa kusoma na kufundisha aliuawa kwa kitabu kilichogeuzwa silaha. Tukizungumzia vitu vinavyogeuzwa kutoka kazi moja kwenda nyingine, tusikisahau hicho.

Vita vya pili

Msumbiji ilipata uhuru tarehe 25 Juni 1975. Ndani ya miaka miwili ilikuwa vitani tena. Utawala wa walowezi wa Rhodesia, ulioudhika kwa Msumbiji kuwahifadhi wapigania uhuru wa Zimbabwe, ulisaidia kuunda Renamo. Rhodesia ilipogeuka Zimbabwe mwaka 1980, Afrika Kusini ya makaburu ikauchukua mzigo huo. Baadaye vita vikapata na mizizi ya ndani: wanavijiji waliohamishwa kwa nguvu, machifu waliovuliwa heshima zao, vijana waliotekwa wakapewa bunduki. Inakadiriwa watu wapatao milioni 1 walikufa, wengi wao kwa njaa na maradhi yaliyofuata nyuma ya mapigano. Mamilioni wengine waliyakimbia makazi yao.

Amani haikuja kwa mkupuo. Viongozi wa makanisa walikuwa miongoni mwa waliothubutu kuongea na pande zote mbili wakati kuongea na Renamo kulionekana usaliti. Mwaka 1989 walikutana na wajumbe wa Renamo Nairobi. Kati ya viongozi hao alikuwamo Dinis Sengulane, askofu wa Kianglikana wa Lebombo. Mazungumzo yakahamia Roma, na tarehe 4 Oktoba 1992 mkataba ukasainiwa.

Umoja wa Mataifa ulikuja, ukakusanya silaha, ukasimamia uchaguzi wa 1994, ukaondoka. Lakini kila aliyeishi Msumbiji alijua kwamba silaha nyingi hazikukabidhiwa. Zilikuwa chini ya sakafu, zimefukiwa mashambani, zimefungwa kwenye nailoni na kufichwa mapangoni. Waswahili husema mshale kwenda msituni haukupotea. Kwa kawaida tunautumia usemi huo kumpa mtu moyo, kwamba alichokitoa kitarudi. Ukiuweka Msumbiji ya 1994 unakuwa onyo.

Bunduki kwa jembe

Mwaka 1995 Sengulane na Baraza la Makanisa la Msumbiji wakaanzisha mradi ulioitwa Transformação de Armas em Enxadas, yaani kugeuza silaha kuwa majembe. Shirika la Christian Aid la Uingereza lilikuwa kati ya waliousaidia. Utaratibu wake ulikuwa rahisi kueleweka hata na mtu asiyejua kusoma: lete bunduki, chukua kitu cha kukuwezesha kuishi. Majembe, cherehani, baiskeli, vifaa vya ujenzi. Kijiji kimoja kilichokusanya silaha nyingi kwa pamoja kilipewa trekta. British Museum inaandika kwamba zaidi ya silaha 600,000 zilikabidhiwa kupitia mradi huo.

Mantiki yake naona ilikuwa nzito kuliko inavyosikika. Mwanajeshi aliyerudi kijijini mwaka 1993 hakuwa na ujuzi wala mtaji, na mara nyingi hata jina zuri hakuwa nalo. Kitu pekee chenye thamani alichomiliki kilikuwa kimefukiwa nyuma ya nyumba. Kumwambia akitoe bure ni kumwambia awe maskini zaidi kwa ajili ya amani ya wengine. Cherehani ilimpa kazi. Ilimpa pia kisingizio cha heshima mbele ya majirani: sikusalimu amri, nilifanya biashara.

Sasa, ukishapewa bunduki laki kadhaa, unazifanyaje? Zilikatwa vipande ili zisirudi kwenye matumizi, na milipuko ikateketezwa. Nchi nyingine zimechagua moto. Kenya, kwa mfano, ilichoma hadharani bunduki haramu zaidi ya 5,000 mwaka 2016. Moto una maana yake: serikali inaonyesha nguvu, moshi unapanda, habari inaisha. Waandaaji wa mradi wa Msumbiji waliongeza hatua moja. Sehemu ya vyuma vile vilivyokatwa waliwapelekea wasanii wa Núcleo de Arte, chama cha wasanii cha Maputo kilichoasisiwa mwaka 1921 enzi za ukoloni, wakawaambia: fanyeni kitu.

Nimeripoti mikutano mingi ya polisi na waandishi wa habari. Mnaijua picha yake: meza ndefu, bunduki zimepangwa mstari, pembeni misumeno na mapanga, kamanda amesimama nyuma na fimbo yake. Tunapiga picha, tunaandika idadi, tunaondoka. Pale bunduki ni kielelezo. Haina wasifu. Hakuna anayeuliza ilitengenezwa wapi, ilimpitia nani, ilifika kwa gari gani. Kester alifanya kinyume cha kazi yetu. Aliziharibu bunduki, na kwa kuziharibu akazirudishia historia.

Mti uliotangulia

Kazi kubwa zaidi ya kundi lile ni Mti wa Uhai. Uliagizwa na British Museum na Christian Aid, ukatengenezwa mwaka 2004 na watu wanne: Kester, Hilário Nhatugueja, Fiel dos Santos na Adelino Serafim Maté. Una uzito wa nusu tani hivi, shina na matawi yake yametokana na silaha, na chini yake kuna wanyama walioundwa kwa vipande hivyohivyo. Februari 2005 ulisimamishwa katika ukumbi mkuu wa makumbusho hiyo, kuwa sehemu ya mfululizo wa maonyesho ya sanaa za Afrika uliofanyika Uingereza mwaka ule.

Wakosoaji wa Ulaya walipouona walikumbuka mti wa bustani ya Edeni. Mimi nilikumbuka Mwenge. Yeyote aliyewahi kupita kwenye vibanda vya wachongaji pale Dar es Salaam anaijua ile nguzo ya mpingo iitwayo ujamaa, watu juu ya watu, mmoja amembeba mwenzake, kutoka mizizini hadi kileleni. Wamakonde walioanzisha mtindo huo walikuwa wahamiaji kutoka Msumbiji, walewale ambao jamaa zao walibeba AK kuvuka Ruvuma. Mti wa uhai ulishachongwa kwa mpingo na mikono ya Kimakonde huku kwetu kabla ya kuchomelewa kwa chuma Maputo. Sidai kwamba mmoja umezaa mwingine. Nasema tu kwamba mtazamaji wa Kiswahili hahitaji kwenda hadi Edeni.

Na wala kuunga vyuma chakavu si jambo geni kwetu. Kioko Mwitiki wa Kenya alijipatia jina kwa tembo na vifaru (wanyama, si wa vita) alivyoviunda kwa mabati na vyuma vya kutupwa. Tofauti ni kwamba bati la pipa kuukuu halimdai mtazamaji chochote. Mtutu unadai. Unauliza: mimi nilielekezwa kwa nani?

Kutoka kundi hilohilo akatokea Gonçalo Mabunda, aliyezaliwa mwaka 1975, mwaka wa uhuru wa nchi yake. Ameunda viti vya enzi vingi na vinyago vya uso kwa maganda ya risasi, mitutu na vipande vya makombora. Mwaka 2015 kazi zake zilionyeshwa kwenye maonyesho makubwa ya Venice, na zimeuzwa kupitia magalari ya Paris na London. Kwa hiyo leo kiti cha bunduki ni kitu ambacho tajiri anaweza kukiweka sebuleni kwake, kama walivyofanya mabwana wa Pate.

Nani anakimiliki?

Hapa ndipo pananisumbua. Chuma kilichotengenezwa Ulaya kililetwa Afrika, kikaua Waafrika, kikakatwa na Waafrika, kikageuzwa sanaa, kikarudi Ulaya, na huko ndiko kinakosafishwa, kinakowekewa taa na kuandikiwa maelezo. Mtoto wa Gaza au wa Tete akitaka kukiona kiti cha Kester anahitaji viza ya Uingereza.

Najua majibu. Kiti hiki hakikuporwa, kilinunuliwa, na msanii alilipwa. Hakimo kwenye mkumbo mmoja na shaba za Benin zilizo katika makumbusho hiyohiyo. Tena kabla ya kutulia kilizungushwa Uingereza, kikapelekwa shuleni, kanisani na hata gerezani, ili vijana wa Kiingereza wanaokulia kwenye mitaa yenye bunduki wakae nacho na kuzungumza. Hilo ni jambo jema, na sijui ni kazi ngapi za sanaa zinazoweza kujivunia kufika gerezani zikiwa huru.

Pia kuna hoja kwamba London ndiko kinakostahili kuwa, kwa sababu Wamsumbiji hawahitaji kukumbushwa bunduki zilitoka wapi. Wanaohitaji ni wale wa upande wa zilikotengenezwa. Hoja hii ina uzito na nusu ya moyo wangu inaikubali. Nusu nyingine inauliza: mbona basi ukutani hakuna orodha ya viwanda? Mbona mtazamaji anatoka pale akiwahurumia Waafrika waliouana, badala ya kutoka akiuliza nani alipokea malipo? Kiti kinaitaja mihuri ya viwanda vyake waziwazi. Ni sisi, waandishi wa maelezo na makala, tunaokisoma nusunusu.

Msituni tena

Laiti ningeweza kuishia kwenye tabasamu la vile vitako viwili. Historia imekataa.

Mwaka 2013 mapigano kati ya serikali na Renamo yalirudi katikati ya Msumbiji, miaka ishirini na moja baada ya Roma. Wapiganaji wa Renamo walikuwa hawajazitoa bunduki zote, na hawakuwa peke yao. Mkataba mpya ulisainiwa Agosti 2019, na kambi ya mwisho ya Renamo ikafungwa Juni 2023. Mshale ulikuwa msituni muda wote huo.

Kabla moto huo haujazimika, mwingine ukawaka kaskazini. Tarehe 5 Oktoba 2017 watu wenye silaha walivamia vituo vya polisi Mocímboa da Praia, Cabo Delgado. Ni jimbo lilelile la Chai, lile la risasi za kwanza za 1964. Oktoba 2020 walivuka Ruvuma wakashambulia Kitaya, Mtwara, wakaua Watanzania. Machi 2021 ikawa zamu ya Palma. Maelfu wameuawa na mamia ya maelfu wamekimbia. Wengi wa wanaokimbia wanazungumza Kimwani, Kimakonde na Kiswahili, na walipofika mtoni walikuwa wakiomba msaada kwa lugha ninayoandikia makala hii. Waliokuwa wakiwafukuza nao waliifahamu.

Kwa hiyo mtu anaweza kuuliza, tena kwa haki: kiti kilisaidia nini? Bunduki zote zile zilizokatwa, na bado zipo nyingine za kutosha kuchoma miji. Jibu langu ni la mwandishi wa habari, si la nabii. Bunduki zilizomo kwenye kile kiti hazikuwepo Mocímboa da Praia. Hazikuwepo Kitaya. Aliyezikabidhi mwaka 1996 au 1998 alipata cherehani au jembe, na kuna mtu mahali fulani anayeishi leo kwa sababu mtutu ule ni mguu wa kiti. Hatutamjua jina lake na yeye mwenyewe hajui. Ni hesabu isiyoonekana, lakini ni hesabu.

Bendera ya Msumbiji, iliyochukuliwa mwaka 1983 katikati ya vita, ina AK-47 yenye singe. Bunduki hiyo imepishana na jembe, na chini yake kuna kitabu kilichofunguliwa. Mwaka 2005, mwaka uleule Mti wa Uhai uliposimamishwa London, kulikuwa na mjadala na shindano la kutafuta bendera mpya. Wengine walitaka bunduki iondolewe. Wengine wakasema hiyo ndiyo iliyoleta uhuru, haiondoki. Bendera ikabaki ilivyo.

Naelewa kwa nini ilibaki. Nchi haiwezi kujifanya ilizaliwa kwa maombi. Lakini kila ninapoiona nafikiria mpangilio wake: kitabu chini, jembe na bunduki juu yake, vyote viwili kwa ukubwa uleule, kana kwamba bado havijaamua. Mradi wa Sengulane uliamua. Ulisema moja kati ya hivyo viwili ni malighafi ya kile kingine. Leo Cabo Delgado kuna kijana aliyeificha bunduki yake mahali akiwa amechoka na msitu, na anajiuliza akiitoa atapewa nini: risasi, gereza, au cherehani. Anayelijua jibu la swali lake ndiye atakayeamua kama Maputo itaendelea kuunda viti.